Kizibao cha Mifuko Kumi na Minane

Aliyezaliwa kando ya ziwa Kivu hamalizi mwaka bila kutamani kumshika samaki kwa mikono yake mwenyewe. Sisi tulilelewa Bukavu. Usiku, tokea kilimani, tuliziona taa za wavuvi zimetapakaa juu ya maji kama soko la mbali, na upepo ukatuletea nyimbo zao. Wavuvi hao huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, na wavu wa sambaza hushushwa katikati. Kila wanachokihitaji kimo chomboni: taa, kamba, maji ya kunywa, chakula cha usiku, koti la mvua. Hatujapata kumwona mvuvi wa kwetu ameketi akijiuliza, "Vyombo vyangu nitavibeba katika nini?" Mtumbwi ndio mbebaji.

Swali hilo lilitupata ukubwani, tukiwa na mke na watoto watatu, tulipokwenda kufundisha Kifaransa katika shule moja karibu na mji wa Nyeri, nchini Kenya. Mji huo umekaa kati ya milima miwili mikubwa. Upande wa magharibi ni safu ya Nyandarua, ambayo wengi huiita Aberdare, na kutoka huko hushuka mto Gura na mto Chania. Upande wa pili ni mlima Kenya wenyewe, unaoteremsha mito kama Thego na Ragati. Maji yake ni baridi kiasi cha kuumiza mifupa, na ndani yake huishi samaki aitwaye trauti. Samaki huyo si mwenyeji wa Afrika. Mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti, na mwaka 1905 Ewart Grogan, yule aliyesafiri kutoka Rasi hadi Kairo, alimtia katika mto Gura. Tangu hapo amekaa, akazaa, na leo hakuna anayemwuliza hati za kusafiria.

Trauti huvuliwa kwa inzi. Ndugu wasomaji wasidhani kwamba tunakamata inzi jikoni! Inzi huyu hutengenezwa kwa manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana ndogo, mpaka afanane na mdudu aliyeanguka majini. Hana uzito wa kutupwa. Kinachotupwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene, na ufito mwembamba huurusha mbele na nyuma hewani kama mjeledi wa mchungaji, kisha mshipi hulala juu ya maji na inzi hutua mwisho kabisa, polepole. Mvuvi husimama ndani ya mto, maji yakimfika magotini au mapajani, na hupanda dhidi ya mkondo tangu asubuhi hata alasiri. Mkono mmoja umeshika ufito, wa pili umeshika mshipi. Hana mtumbwi, hana meza, hana mtoto wa kumshikia kikapu. Alichonacho ni mwili wake, na mwili huo ndio chombo. Basi swali la kizibao au mfuko, ambalo kwa mtu wa mjini laonekana kuwa jambo la urembo, kwa mvuvi wa namna hii ni kama swali la mbao kwa mjenzi wa mitumbwi.

Aliyetufundisha uvuvi huo alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa makamo ya baba yetu, mpole, mwenye kusema machache. Alitufundisha jinsi ya kurusha mshipi katika uwanja wa mpira, kwa muda wa miezi miwili, kabla hajaturuhusu kuukaribia mto. Magoti yake yalipomkatalia mawe ya mtoni, alituita nyumbani kwake, akafungua kabati, akatoa kizibao chake cha kuvulia. Kwetu Bukavu tungekiita jile. Kilikuwa cha kitambaa kigumu cha rangi ya majani makavu, na kifuani kilikuwa na kipande cha manyoya ya kondoo cha kuchomekea inzi waliolowa. Tulihesabu mifuko yake: 18. Mingine ilikuwa ndani ya mingine. Pamoja nacho alitupa kasha la bati lenye inzi alizofunga kwa mkono wake katika jioni nyingi.

Vazi hilo lina historia yake. Zamani wavuvi wa Uingereza walibeba mkoba begani na kikapu cha matete ubavuni. Mmarekani Lee Wulff, aliyezaliwa mwaka 1905, ndiye anayetajwa kuwa alishona kizibao cha kwanza cha kuvulia, mwaka 1931, kwa kuwa alitaka vitu vyote viwe kifuani, juu ya maji, karibu na vidole. Wavuvi wa inzi humkumbuka pia kwa inzi walioitwa kwa jina lake, ambao hata katika mito ya Nyeri hutupwa. Wazo lake lilikuwa jema. Uzito hugawanyika juu ya mabega mawili, mgongo haupindi, na mkono hupata kitu bila macho kutafuta. Lakini mfuko mtupu una sauti. Humwambia mwenye nguo, "Nitie kitu." Nasi, tuliolelewa katika seminari ndogo na sanduku moja la bati ambalo msimamizi alilifungua kila Jumamosi kuona kama tuna kitu kisichotupasa, tulifurahia uhuru wa mifuko 18 kama mtoto aliyepewa funguo za ghala.

Tuliijaza yote. Tuliweka kasha la inzi la mzee, na makasha mengine mawili tuliyonunua, vigurudumu vitano vya uzi mwembamba, ingawa mto ule hauhitaji zaidi ya viwili, koleo, mkasi, kisu, jiwe la kunolea kisu, mafuta ya kumfanya inzi aelee, risasi ndogo za kumzamisha, miwani, na miwani ya akiba, kamba za viatu, tochi, kikopo cha karanga, leseni, kitabu cha kuandikia, na wavu mdogo ukining'inia mgongoni, ambao kila kichaka cha mianzi uliupenda na kuushika. Tulipotembea tulilia kama duka la vyuma linalohama.

Mwezi wa Juni wa mwaka wetu wa tatu huko, mvua za masika zikiwa zimekwisha lakini mito ikiwa bado imeshiba, tulikwenda kwenye mto Chania, ndani ya hifadhi. Mtoto wetu wa kwanza, mwenye miaka 10, alifuatana nasi. Askari wa wanyamapori alikuwepo na bunduki yake, kwa kuwa nyati na tembo hutumia njia zilezile za wavuvi, na hawaombi ruhusa. Mtoto alibaki ukingoni pamoja naye. Sisi tuliingia ili tuvuke juu kidogo ya bwawa lenye kina.

Yatupasa kueleza vizuri namna tulivyoanguka, kwa sababu ndani yake mna sehemu kubwa ya mafundisho ya kuchagua mfuko. Kwanza, hatukuona miguu yetu. Mifuko ya mbele ilikuwa imefura mpaka tumbo letu lilikuwa kama la mama wa miezi minane, na jiwe la mviringo lililokuwa chini ya kiatu cha kushoto hatukuliona kabisa. Pili, tulipoanguka, mifuko ilijaa maji, wala haikuwa na tundu la kuyatoa. Maji yaliyo ndani ya maji hayana uzito. Ndiyo maana mtu haelewi hatari yake mpaka anapotaka kusimama. Kifua kinapotoka nje, maji yale yote huwa mzigo kwa ghafula, na mkondo huisukuma mifuko iliyofura kama upepo usukumavyo tanga. Tulisimama nusu, tukaangushwa tena. Tatu, zipu ya kifuani ilikuwa imekwama. Tulikuwa tumejua kwa wiki tatu kwamba inakwama.

Mto ulituchukua hatua kama 30. Tawi la mti lilipita juu ya vichwa vyetu, karibu, tawi nene ambalo mtu yeyote angelishika. Hatukulishika. Mkono wetu wa kulia ulikuwa umebanwa juu ya mfuko wa kifuani, kulilinda kasha la mzee.

Lile la pili, ambalo lilikuwa mzizi tu, tulilikumbatia kwa mkono wa kushoto, na askari akatuletea mwanzi mrefu, akapaza sauti, "Mwalimu, shika! Achana na hiyo nguo, shika!" Tukavutwa ukingoni. Mtoto alikuwa amekimbia pamoja na mto ule wote, kiatu kimoja kimempotea matopeni, na hakuwa analia. Alisimama mbali kidogo akatutazama kama mtu anayetazama mgeni.

Tulipopata pumzi tulifungua ule mfuko wa kifuani tulioulinda. Ndani mlikuwa na kikopo cha karanga. Kasha la inzi lilikuwa katika mfuko wa kushoto, chini, ambao kifuniko chake kilikuwa kimefunguliwa na maji, nalo lilikuwa limekwenda na mto Chania, ambao mwishowe huupelekea mto Tana maji yake, na Tana huipelekea bahari.

Njia nzima ya kurudi nyumbani mtoto hakusema. Usiku, alipokwisha kupewa chai, akauliza, "Baba, kwa nini hukushika tawi?" Tulimjibu kwamba hatukuliona. Alijua kwamba si kweli, kwa sababu alituona tukilitazama. Mama wa watoto alikuwa anakunja nguo. Mikono yake ikasimama. Baadaye, watoto walipolala, alisema neno moja tu: "Baba watoto, mto sikukatazi. Lakini ukienda tena, nataka nijue unabeba nini, na kwa nini." Hatukuwa na jibu, tukaomba muda.

Tulianza kwa mizani. Jirani mmoja mwenye duka alituazima ile ya kupimia sukari. Kizibao kikavu pamoja na vilivyosalia kilifikia kilo nne kasoro robo. Kisha tulitandika mkeka, tukamwaga kila kitu, tukahesabu vitu 31. Katika safari tano zilizofuata, mahali pa maji haba ambapo hata mtoto wa darasa la pili angevuka, tuliandika kila kitu kilichotoka mfukoni hata mara moja. Vilikuwa 9. Vitu 22 vilikuwa vinapelekwa mtoni kutembezwa.

Hapa tuonye kidogo. Si kila kitu kisichotumika ni cha kuachwa. Filimbi haikutoka mfukoni katika safari hizo tano, wala bendeji, wala koti la mvua kwa siku tatu kati ya hizo, lakini asiyevichukua mlimani, mahali ambapo ukungu hushuka saa sita mchana na baridi ikafuata, ni mtu asiye na akili timamu. Tofauti ni hii: kitu cha hatari hubebwa hata kama hakitumiki, kitu cha pengine hubaki nyumbani. Jiwe la kunolea kisu lilikuwa kitu cha pengine.

Tulipojua vitu vyenyewe, ndipo tulipoanza kutafuta cha kuvitia, na tunaona kwamba huo ndio utaratibu wa haki. Wengi hununua mfuko kwanza, kisha hutafuta vitu vya kuujaza. Mwalimu mwenzetu mmoja alituazima mifuko yake, maana ni mtu wa kununua, na tulijaribu kila namna.

Mfuko wa kiunoni ni mzuri katika vijito. Mabega huwa huru na jua halikupiki. Lakini maji yakifika kiunoni, nao umo ndani yake. Na mtu mwenye mgongo wa matatizo, kama sisi tunaosahihisha madaftari hadi usiku, huusikia jioni. Mfuko wa kifuani hufunguka kama meza ndogo, na kufunga inzi juu yake ni raha kubwa. Tuliuvaa mara moja, tukatazama chini, hatukuona viatu vyetu. Tukauvua. Huenda wengine wakausifu. Sisi tumekwisha kulipia somo hilo. Mkoba wa bega moja huzungushwa kutoka mgongoni hadi mbele kwa mkono mmoja, nao twausifu kwa hilo, mradi ukanda wake ukae juu ya bega lisilorusha. Lakini ukijaa, baada ya saa nne shingo hulalamika. Shanta ni la safari ndefu: chakula, maji, koti. Kila ukitaka uzi huna budi kutoka mtoni na kulishusha, na mkanda wake wa kiunoni yapasa ufunguliwe kabla ya kuvuka maji ya kina, usije ukakufunga kama mateka. Ipo pia mifuko ya mpira isiyoingiza maji, yenye zipu nzito za ajabu. Bei yake ilitukumbusha karo ya watoto, tukairudisha rafuni kwa heshima.

Na kizibao? Tusikisingizie. Kizibao kifupi, kinachoishia juu ya mbavu, chenye mifuko michache na bapa, ni nguo bora kwa avukaye maji ya mapajani, na kama tungekuwa tunaishi katika nchi ya baridi daima, ambamo nguo moja zaidi ni neema, pengine tungechagua hicho. Kosa halikuwa la Lee Wulff.

Kulikuwa bado na jambo gumu, nalo ni mzee. Tulikaa majuma sita bila kumtembelea, jambo ambalo mtu wa malezi mema halifanyi. Mwishowe tulikwenda, tukiwa na mtoto, tukiwa na kilo mbili za sukari. Tulimweleza yote. Hatukuficha tawi. Mzee alisikiliza, kisha akauliza, "Na kasha?" Tukasema, limechukuliwa. Akanyamaza muda mrefu mno, akitazama dirishani, nasi tulihisi kwamba tumelipoteza jambo ambalo halinunuliwi. Kisha akamwuliza mtoto, "Wewe ulikuwa wapi?" Mtoto akasema, "Nilikuwa nakimbia." Mzee akaondoka, akaingia chumbani, akarudi na kijisanduku cha plastiki, cha namna ya kuwekea vidonge, chenye inzi 12 tu. Hakumpa baba, alimpa mtoto. Kuhusu kizibao alisema kwamba katika miaka yote aliyokivaa alitumia mifuko mitatu, na mmoja wa hiyo ulikuwa wa peremende. Hatukujua kama tucheke.

Fundi cherehani mmoja wa Nyeri ndiye aliyetushonea tulichokichagua. Ni mkoba wa turubai, mdogo kuliko kitabu cha nyimbo kilichofunguliwa, unaokaa juu, chini ya kwapa la kushoto, usizibe macho wala mkono wa kurusha. Una mifuko miwili. Mmoja ni wa inzi. Wa pili ni wa uzi, mkasi, koleo na mafuta. Chini ya kila mfuko tulimwomba atie matundu ya chuma, kama ya viatu, ili maji yatoke, naye alituuliza mara mbili kama ni kweli tunataka mfuko unaovuja. Ukanda wake una bizimu moja inayofunguka kwa kidole gumba. Tuliijaribu tukiwa tumefumba macho, na tukiwa tumetia vidole katika maji baridi mpaka vikafa ganzi, kwa kuwa hivyo ndivyo vidole vinavyokuwa siku ya haja. Hakuna kinachoning'inia nje, maana mshipi unaporuka hutafuta kila kilichochomoza na kujifunga humo. Mkoba wote, pamoja na vitu vyake, haufiki nusu kilo. Filimbi iko shingoni. Koti, bendeji, maji na chakula vimo katika shanta, na shanta hubaki ukingoni na mtoto.

Kwa msomaji ambaye atanunua cha dukani, ombi letu ni hili: asivae mfuko mtupu mbele ya kioo. Aende na vitu vyake, avitie, ainue mkono kama anayerusha, apige goti, ainame, atazame viatu vyake, kisha aufungue ukanda kwa mkono mmoja. Muuzaji atamshangaa. Amwache ashangae.

Mwezi wa Februari, maji yakiwa chini, tulirudi Chania mahali palepale, na kabla hatujaondoka nyumbani mama wa watoto alimimina mkoba juu ya meza, akahesabu, akarudisha. Tulivuka polepole, tukiviona viatu vyetu na mawe yote. Mtoto alishika trauti wawili kwa inzi wa mzee, sisi hatukushika hata mmoja.

Kizibao kimetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mama wa watoto amekipatia kazi: viberiti, mishumaa, dawa ya kikohozi, stakabadhi za karo, sindano na uzi, funguo ambazo hakuna anayejua zafungua nini. Mifuko yote 18 imejaa tena. Juzi tulipoitafuta leseni ya kuvua nyumba nzima, tuliikuta humo, katika mfuko ulio ndani ya mfuko, pamoja na karanga.